Saa ya Mzee Salehe na Namba Niliyoitafuta Uswisi

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada ya historia ndani ya bahasha ya kaki, na barua iliyoniambia nisubiri kupangiwa shule ya kufundisha. Nilikuwa nimesubiri mwaka na nusu. Fundi Mkuu alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mjini Korogwe, na baba yangu ndiye aliyenipeleka kwake, kwa maelezo kwamba kijana wake ameanza kunenepa bila kazi.

"Nyoosha mkono wa kulia," Fundi Mkuu alisema.

Nikanyoosha.

"Unatetemeka."

"Naogopa, fundi."

"Woga utaisha. Chai unakunywa vikombe vingapi kwa siku?"

"Vinne."

"Kuanzia leo kimoja. Kaa pale."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeiomba ile bahasha, na mpaka leo sijui kama Fundi Mkuu aliwahi kuamini kwamba ndani yake kulikuwa na kitu.

Nawaandikia vijana ambao saa kwao ni kile kinachoonekana juu ya simu, kwa hiyo lazima nieleze. Saa ya mkononi ya zamani haikuwa na betri. Ndani yake mna springi, utepe wa chuma uliojikunja, ambao unaubana kila asubuhi kwa kuzungusha kifungo cha pembeni. Kazi hiyo tuliiita kutia ufunguo. Springi ikijikunjua inasukuma magurudumu, na magurudumu yanafika kwenye balansi, gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, likiongozwa na waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Vyote hivyo kwa pamoja tuliita mashine. Ili uvione, unabana lenzi kwenye jicho kwa kukunja uso, na ukifanya hivyo kwa miaka thelathini uso haukunjuki tena. Wajukuu zangu hudhani nina hasira.

Jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa kutengeneza. Lilikuwa alama. Kila fundi anayefungua saa hukwaruza alama yake upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma, kwa ncha ya sindano: herufi moja au mbili, mwezi, pengine namba. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Anayeiona ni fundi atakayefuata, naye akishatazama anajua saa imepitia mikono ya nani na imeoshwa lini. Fundi Mkuu aliweka pembetatu ndogo. Nimekutana na pembetatu yake Tanga, Muheza na hata Morogoro, na kila mara nilijikuta nakaa wima.

Wiki ya kwanza hiyo hiyo, Fundi Mkuu alikwenda mazikoni akaniachia saa sita nizifute vumbi. Nilizifuta kwa moyo wote. Ndani ya mifuniko niliona mikwaruzo, nikadhani ni uchakavu, nikachukua dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa. Aliporudi, mifuniko sita ilikuwa inang'aa kiasi cha kujinyolea ndevu.

Alitazama mmoja, akatazama wa pili. Alikaa chini polepole.

"Wewe umesomea nini vile?"

"Historia, fundi."

"Basi leo umeifuta."

Hakunifukuza. Alinikalisha siku mbili nikinakili kutoka daftari lake kila alichoandika kuhusu saa zile, na kukwaruza upya pale alipokuwa na uhakika. Palipokosa uhakika alinizuia. Alisema heri mfuniko mtupu kuliko mfuniko mwongo.

Baada ya miaka mitano alinihamishia Handeni. Nasema alinihamishia kwa sababu ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Alizungumza kama mkuu wa idara yenye vituo nchi nzima, ilhali vituo vyote vilikuwa viwili. Kituo cha Handeni kilikuwa meza moja chini ya bati, mlangoni pa duka la vitambaa, na mwenye duka, tuliyemwita Meneja, alihesabu kuwa mimi ni sehemu ya bidhaa zake. Wateja wangu walikuwa wakulima wa Kwaluguru na Mazingara, ambao walikuja siku za gulio na saa zilizokula unga wa mahindi mpaka balansi ikagoma. Mmoja kutoka Mazingara alikuwa ameitia yake mafuta ya alizeti, kijiko kizima, kwa sababu ilikuwa inalia.

"Sasa hailii," aliniambia.

"Haitembei pia."

"Hilo ndilo nimekuletea wewe."

Kila mwezi Fundi Mkuu alikuja ukaguzi. Alichukua saa yoyote mezani, akaifungua bila salamu.

"Hii nani kaifungua?"

"Mimi, fundi."

"Alama iko wapi?"

"Nilisahau."

"Anayesahau kuweka alama anajiandaa kukana," akasema, na kunirudishia.

Alipofariki nikawa mkuu wa vituo vyote viwili, na kwa miezi mitatu nilitembea kama mwenye cheo. Halafu simu zikaingia. Nilikifunga cha Korogwe, nikabaki na meza ya Handeni, na mezani saa zikazidi kupungua. Saa za betri za bei ya chakula cha mchana hazitengenezwi; hutupwa.

Kilichoniokoa ni ile bahasha ya kaki. Watu wa mijini walianza kurithi saa za Uswisi kutoka kwa baba na babu zao, wakataka kujua: je, ni ya kweli, na ilifikaje huku? Kazi hiyo ina hatua zake. Unasoma namba iliyoandikwa kwenye mashine, unasoma namba ya kasha, unatazama alama za mafundi ndani ya mfuniko, kisha unawaandikia watengenezaji. Baadhi ya viwanda vya kule vimetunza vitabu vinavyoonyesha kila saa ilitoka lini na ikaenda nchi gani. Wanajibu, ukiwa na subira na Kiingereza cha suti na tai. Nilikuwa navyo vyote viwili. Kwa mara ya kwanza historia na bisibisi vilikaa meza moja bila kuoneana haya, na mimi, lazima nikiri, nikaanza kuvaa koti kazini.

Hapo ndipo alipokuja Bi. Mwantumu.

Alikuwa mama wa miaka kama sabini, mfupi, kanga mbili safi, mkononi kopo la maziwa ya unga lenye kutu pembezoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi unayejua saa ilikozaliwa?"

"Najaribu, mama."

"Usijaribu. Nimetoka Kwaluguru kwa pikipiki, mgongo wote unaniuma. Nataka anayejua."

Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na saa iliyofungwa kwenye kitambaa, na chini yake kipande cha kadibodi kilichogeuka rangi ya chai. Nilichukua saa. Kadibodi niliirudisha koponi bila kuisoma. Nawaomba vijana waikumbuke kadibodi hiyo, kwa kuwa mimi niliisahau.

Saa ilikuwa ya Uswisi kweli, ya chuma cha pua, uso wa rangi ya maziwa, mishale myembamba, haina mkanda. Saa ya mtu wa heshima, ya miaka mkonge uliposhamiri.

"Ilikuwa ya nani, mama?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

Akanieleza. Baba yake, Mzee Salehe, alitoka Kwaluguru akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi. Alikuwa korona, yaani kwenye kiwanda ambamo mashine huparua majani ya mkonge zitoke singa. Akarudi nyumbani mapema kuliko ilivyotarajiwa, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo, na saa hii mfukoni. Alisema amepewa. Alipoulizwa na nani, alisema Bwana Inginia, mzungu wa mashine. Haukupita muda, habari zikafika kutoka shambani kwamba kuna saa imepotea, na Bwana Inginia alishaondoka nchini. Hapakuwa na wa kumuuliza. Mzee Salehe hakuivaa saa ile hata siku moja. Aliiweka kwenye kopo mpaka akafa.

"Ukija kwetu," Bi. Mwantumu alisema, "mwambie mwenye pikipiki akupeleke kwa marehemu Salehe, atakuzungusha kutwa nzima. Mwambie kwa Mwizi wa Saa, atakufikisha mlangoni."

"Pole sana mama. Lakini haya ni ya siku nyingi. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu mjukuu wangu Omari amempenda binti wa Ngombezi, anaitwa Rehema. Tumepeleka barua ya posa. Imerudi haijafunguliwa." Alifunga kopo, akalifungua tena. "Babu yake Rehema alikuwa karani wa shamba lile lile. Mpaka leo wanamwita Rajabu Karani. Kasema haozeshi kwenye nyumba ile, na Omari kasema akimkosa huyu anahama. Wengine wote wameshahama, fundi. Nimebaki na Omari."

Nilitaka kusema neno la faraja, akaniwahi.

"Sikiliza. Ukikuta baba aliiba, niambie hivyo hivyo. Nitaipeleka mwenyewe Ngombezi kwa mikono miwili, na posa nitaiacha. Ila nimechoka kutokujua."

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mteja mwingine aliyenipa agizo la wazi hivyo.

Nilifungua saa ile kama ninavyofungua zote. Mashine ilikuwa safi, haijawahi kuguswa na mafuta ya alizeti. Upande wa ndani wa mfuniko kulikuwa na jina la watengenezaji, namba ya kasha, na chini yake, peke yake, namba 2047. Nne yake ilikuwa na mguu uliokatika. Nikafurahi. Alama ya fundi, nikajisemea, tena fundi asiyetumia herufi; pengine wa Nairobi, pengine hata wa Uswisi kwenyewe. Kwa nje, nyuma ya namba hiyo, mfuniko ulikuwa na vinundu vidogo vidogo. Nikaandika kwenye daftari: saa imewahi kuanguka kwenye mawe.

Nikawaandikia Uswisi. Barua yangu ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa mmoja mzima ulihusu 2047, na nadharia zangu tatu juu yake. Nilipoisoma tena nilijiona ninastahili shahada ya pili.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, fupi na la adabu. Saa ilikuwa halali. Ilikuwa moja ya saa kumi na mbili za aina moja, namba zake za mashine zikifuatana, zilizouzwa kwa pamoja kwa wakala mjini Tanga. Kuhusu 2047 hawakuwa na habari yoyote. Namba hiyo haikutoka kwao.

Nusu ya mwisho niliipuuza. Nusu ya kwanza ilinipandisha juu. Saa ilikwenda Tanga, kwa wakala, dukani! Basi haikuibwa mkononi mwa mzungu yeyote. Mtu yeyote angeweza kuinunua au kupewa zawadi. Nilimpigia simu Bi. Mwantumu nikamwambia avae vizuri, tunakwenda Ngombezi. Mimi nilivaa koti.

Mzee Rajabu Karani alitupokea barazani kwake, kwenye nyumba aliyoijenga nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi. Alikuwa amepita miaka themanini, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge akiwa na namba tu badala ya jina, naye Rajabu akasoma mpaka akawa karani. Alilieleza hilo kabla hatujakaa, ili tujue tumekaa mbele ya nani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu mama najua amekuja kwa lipi. Wewe je?"

Nikamweleza, nikamsomea barua ya Uswisi kwa Kiswahili, taratibu, kama mwendesha mashtaka. Nilipofika kwenye saa kumi na mbili akaninyanyulia kidole.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee. Kwa wakala wa Tanga."

"Zinafuatana?"

"Zinafuatana."

"Endelea, mwanangu, endelea," alisema. "Unanisaidia sana."

Kisha akatusimulia, macho yake yakiwa kwenye kopo. Shamba liliagiza saa kumi na mbili kutoka Tanga kuwatuza makarani na manyapara. Zilifika, zikakaa karakana kwa siku chache, halafu yeye, karani mdogo kuliko wote, akatumwa kuzichukua na kuzileta ofisini. Walipofungua kasha zilikuwa kumi na moja. Meneja wa shamba alimvua shati mbele ya wafanyakazi wote, akatafutwa mpaka kwenye soksi. Hawakukuta kitu, lakini kwa miezi kadhaa wenzake walikuwa wakimuuliza saa ngapi kila alipopita. Halafu mtu akatoka Handeni akasema Salehe wa korona ana saa mpya ya Uswisi.

"Mtu wa korona," Mzee Rajabu alisema. "Saa zile hata manyapara wengine hawakupata. Mimi nilivuliwa shati kwa ajili yake. Sasa wewe umeniletea ushahidi kutoka Ulaya."

Akamwita Rehema alete saa yake mwenyewe kutoka ndani. Binti aliileta, akamwamkia Bi. Mwantumu kwa kupiga goti, akarudi mlangoni akasimama pale. Nilifungua saa zote mbili juu ya trei ya chai. Namba za mashine zilipishana kwa tatu tu. Ndugu za tumbo moja.

Vijana, nimewahi kuvunja balansi ya saa ya mkuu wa wilaya, lakini sijawahi kujisikia vile. Nilisafiri kutoka Handeni, kwa koti, kwenda kumtia hatiani mteja wangu mwenyewe. Bi. Mwantumu hakunilaumu. Alikunja kitambaa cha saa mara nne, akakilaza juu ya meza.

"Nilisema nitaileta kwa mikono miwili," alisema. "Fundi, ifunge nimpe."

Mikono yangu ilihitaji kufanya kitu, na mdomo wangu hali kadhalika. Nikaokota mifuniko miwili, nikasema, ili mradi nimesema, kwamba angalau saa zote zilipita kwa fundi mmoja, maana hii ina 2047 na hii ya mzee ina 346, na nne zote zimekatika mguu.

"Fundi gani?" Mzee Rajabu aliuliza. "Saa yangu haijafunguliwa tangu nipewe. Haijawahi hata kusimama."

"Lakini kuna alama ndani, mzee. 346."

"346 ni mimi."

"Wewe?"

"Namba yangu ya kazi. Wewe msomi hujui mambo ya mkonge? Kila mtu alikuwa na namba, na kila kitu ulichokabidhiwa kiligongwa namba yako. Panga, jembe, kopo la chai. Kumbe na saa waligonga. Miaka yote hii sikujua."

 Bi. Mwantumu ndiye aliyesema.

"Na hii yetu ina ngapi?"

"Elfu mbili na arobaini na saba, mama."

Aliingiza mkono kwenye kopo, akatoa ile kadibodi.

"Nisomee hapa."

Ilikuwa kipande, kadi ya mfanyakazi ambayo siku zake za kazi zilikatwa moja moja mpaka zitimie. Wino ulikuwa umefifia, lakini nilikuwa na lenzi. Jina: Salehe. Mahali: korona. Namba: 2047.

Niliituma namba hiyo mpaka Uswisi na nadharia tatu, na jibu lake lilikuwa limekaa kwenye kopo, mezani kwangu, mbele ya pua yangu, tangu siku ya kwanza.

Mzee Rajabu hakukubali kirahisi, na namheshimu kwa hilo. "Mwizi naye anaweza kukwaruza namba yake," alisema.

Hapo, hatimaye, nilijikuta nina faida. Nilimpa lenzi, nikamwonyesha jinsi ya kuikunjia uso. Alama iliyokwaruzwa huacha ukingo mkali na haizami. Mkono ukitetemeka nayo inatetemeka. Hizi zimezama zote sawasawa. Zimegongwa kwa nyundo, kwa vyuma vya namba, na ndiyo maana kwa nje kuna vinundu, ambavyo mimi fundi mwenye uzoefu niliviita mawe. Na chuma cha namba nne kilikuwa kibovu, mguu umevunjika, kwenye saa yake na kwenye saa ya Salehe. Chuma kile kile.

"Vyuma hivyo vilikaa wapi, mzee?"

"Karakana."

"Nani aliyevishika?"

 "Bwana Inginia. Kwenye kabati lake. Ufunguo aliuvaa shingoni, hata nyapara wa karakana hakuugusa."

"Na aliondoka lini?"

"Wiki ile ile. Alikwenda likizo kwao, hakurudi."

"Na Salehe alikatika vidole lini?"

Mzee Rajabu alianza kuhesabu kwa vidole vyake mwenyewe. Alifika cha tatu akaacha.

"Mashine ilimshika mkono kijana wa Kimakonde," alisema kwa sauti ya chini. "Salehe ndiye aliyeingiza mkono akamchomoa. Kijana akapona mzima. Salehe akabaki na vitatu." Akaishusha lenzi. "Ilikuwa wiki ile. Sisi ofisini hatukumpa hata pole. Hakuwa kwenye orodha ya kutuzwa, na mtu wa korona asingeweza kuwekwa."

"Basi aliyekuwa na ufunguo alimweka," Bi. Mwantumu alisema.

Msomi mwenzangu atanikumbusha kwamba hatukuwa na barua ya Bwana Inginia wala shahidi. Ni kweli. Lakini mimi nimesoma historia iliyojengwa juu ya vitu vichache kuliko mifuniko miwili, kipande kimoja na vidole viwili.

Mzee Rajabu alinirudishia lenzi. Kisha akamwambia Bi. Mwantumu, bila kumtazama: "Mimi nilidhani alinivua shati yeye."

"Hata yeye walimvua, Karani. Ila lake halikurudishwa."

Ijumaa iliyofuata Mzee Rajabu alipanda gari kwenda Kwaluguru. Kwa desturi upande wa binti hautangulii kwenda kwa watu, na wanawe walimkumbusha hilo. Akawajibu kwamba haendi kwa posa, anakwenda kuomba radhi, na radhi haina upande. Baada ya swala aliomba ruhusa ya imamu, akasimama, kifungo cha shingo kimefungwa, mimi nikiwa safu ya pili na mifuniko mifukoni kwa atakayetaka kuona.

Hakutoa hotuba. Alisema jina lake na namba yake ya kazi. Akasema: "Saa ya Salehe alipewa. Mimi nilisema ameiba, neno hilo nikalisema kwa watu, nanyi mkalipokea kwangu. Nimekuja kulichukua."

Mzee mmoja wa pale aliuliza, "Utalichukuaje neno lililokaa miaka yote hii?"

"Hilo ndilo mtanisaidia," Mzee Rajabu alisema. "Kila atakayemsikia mtu akiita nyumba ile kwa jina lile, amwambie Rajabu Karani wa Ngombezi alikuja mwenyewe kukanusha."

Tulipotoka nje alimtafuta Bi. Mwantumu kati ya wanawake waliosubiri uwanjani.

"Ile barua iko wapi?"

"Ndani."

"Ileteni tena. Safari hii nitaifungua."

Ilipoletwa aliifungua pale pale, akaisoma yote akiwa amesimama, na kusahihisha kosa moja la uandishi kwa kalamu aliyoitoa mfukoni. Karani ni karani. Omari na Rehema walioana baada ya mavuno, na Omari aliivaa saa ya babu wa mama yake siku ya harusi, yenye mkanda mpya. Mimi niliitia ufunguo mwenyewe asubuhi ile, na mbele ya watu mia nilijifanya nakagua mwendo wake mara tatu, ili wanione.

Nilistaafu mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini na saba. Jicho la kulia limechoka, na Meneja, ambaye sasa ni mtoto wa yule Meneja wa kwanza, alihitaji mlango wake kwa ajili ya vocha za simu. Hapakuwa na sherehe. Alinipa kitambaa cha suruali, akaniuliza kama nitabaki mshauri, nikamwuliza wa nini, naye hakujua.

Watu huniuliza kama sijutii. Wenzangu niliosoma nao wamekuwa wakurugenzi na mabalozi, na kati yao wapo wenye saa ambazo bei yake ingenunua kijiji. Nilijuta kwa miaka kama kumi hivi, nikifanya kazi. Siku hizi sijuti. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufanya vitu vitembee ambavyo kesho yake vingesimama tena, na sijidanganyi kuhusu hilo. Lakini siku moja nilikosea namba kwa bidii kiasi kwamba ukweli ukalazimika kutoka kwenye kopo wenyewe. Si kila msomi anaweza kusema hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Kwaluguru kumjulia hali Bi. Mwantumu. Nilimwambia mwenye pikipiki anipeleke kwa marehemu Salehe. Akauliza, "Yule wa korona?" na kuwasha pikipiki. Njiani alinisimulia kisa chote, kwa makosa mengi, ndani yake mkiwa na profesa kutoka Uswisi aliyevaa koti. Sikumsahihisha.

Katika ukoo ule wa watu wengi, Bi. Mwantumu aliniambia tukiwa tunakunywa uji, hapakuwahi kuwa na Salehe mwingine. Kwao mtoto hupewa jina la babu, lakini jina lile kila mzazi aliliruka. Rehema alipojifungua, Mzee Rajabu mwenyewe ndiye aliyelitaja. Binamu wa Omari aliyerudi kijijini akafuata, halafu mke wa mpwa wa Bi. Mwantumu, waliorudi kutoka Kilindi.

Wakati naaga, Rehema alitoka jikoni na bakuli, akaita, "Salehe, njoo ule."

Wakaja watatu.